Kaa wa Majabali ya Mombasa: Mtambue kwa Mahali Kabla ya Rangi

Anayetaka kumtambua kaa wa majabali ya Mombasa aanze na jabali lenyewe. Wengi wetu huanza na rangi. Tunamwona mmoja mweusi, mwingine wa kijani, mwingine mwekundu kabisa, tunahesabu kaa watatu, kumbe ni kaa wa aina moja katika hali tatu. Rangi ndiyo inayovuta jicho, na ndiyo inayodanganya kuliko kitu kingine chochote. Mahali alipo, umbo la gamba lake na kazi ya magando yake ni ushahidi wa kutegemewa zaidi, na kwa mtazamaji asiye na maabara, hivyo vitatu vinamfikisha mbali.

Ukingo wa kisiwa chetu upande wa bahari kuu, kuanzia Ras Serani na chini ya bustani ya Mama Ngina, na vilevile sehemu za Nyali na Likoni, ni matumbawe ya kale. Zaidi ya miaka 100,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo leo, na matumbawe hayo yalikuwa hai chini ya maji. Bahari iliposhuka yakabaki nje, yakakauka, yakawa mawe. Ni jiwe la namna hiyohiyo lililochongwa kujengea Fort Jesus kuanzia mwaka 1593, na ndilo lililojenga nyumba za Mji wa Kale. Jiwe hili ni la chokaa, na chokaa huliwa na maji. Mvua na chumvi hulitoboatoboa juu mpaka linabaki na ncha za kukata nyayo, na mawimbi hulichimba chini mpaka ukingo unaning'inia na kuacha uvungu mrefu wenye kivuli. Kila tundu, kila ufa na kila sehemu ya uvungu huo ina mwenyewe.

Halafu kuna maji. Bahari ya hapa hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3. Wakati wa maji mafu tofauti hiyo hupungua sana. Kwa hiyo ukuta mmoja wa jabali una tabaka zake. Juu kabisa hufika rasharasha tu, na wanaoishi huko ni konokono wadogo wanaostahimili jua kali. Chini yao kuna mkanda wa chaza walioganda kwenye jiwe, wenye makali ya kuchana mguu. Chini zaidi ni mwani wa kijani na wa kahawia, na mwisho ni sehemu inayoonekana siku za bamvua peke yake. Kaa nao wamegawana ukuta huo, na mgawanyo wao haubadilikibadiliki. Ukijua umesimama tabaka gani, tayari umepunguza orodha ya majina kwa nusu.

Kaa atakayekukimbia kwanza juu ya ukuta huo ni wa jenasi ya Grapsus, yaani kundi la aina zenye undugu wa karibu. Ndiye anayeonekana zaidi mchana, akiwa nje kabisa ya maji, juu ya mwamba uliolowa na pembeni mwa povu. Gamba lake la mgongo ni bapa na linakaribia duara, na kwa aliyekomaa hufika upana wa sentimita 7 au 8. Sehemu ya mbele, kati ya macho, imeinama kuelekea chini. Pembeni mwa gamba, nyuma kidogo ya kona ya jicho, kuna jino moja dogo. Likumbuke jino hilo, tutalihitaji baadaye. Ubavuni amechorwa mistari myembamba ya mshazari. Miguu yake minane ya kutembelea ni mipana na bapa, na kila mmoja unaishia kwenye ukucha mgumu wenye vijiba. Kwa miguu hiyo hupanda ukuta wima, hushikilia uvunguni mgongo ukiwa chini, na wimbi humfunika na kuondoka likimwacha palepale.

Ubapa huo una maana. Kaa mnene angeng'olewa na wimbi. Huyu hujilaza juu ya jiwe na maji hupita juu yake. Kaa mnene asingeweza kuingia kwenye ufa wa vidole viwili. Huyu huingia ubavu ubavu na kupotea. Gamba lake ni jembamba, wala halikuumbwa kuhimili kipigo. Silaha yake ni moja, mguu niponye, na anaitumia vizuri kuliko kiumbe yeyote wa ukuta huo. Huruka kutoka jiwe hadi jiwe, hukimbia juu ya maji ya kidimbwi kabla hayajamzamisha, na akibanwa mguu huuacha mguu huo nyuma na kwenda zake. Mguu mwingine humwota pole pole, akijivua gamba mara moja au zaidi.

Ili kumwelewa vizuri, tulia. Keti chini bila kusogea, kivuli chako kisiguse mwamba, na baada ya muda watatoka. Macho yao huona mwendo upesi sana, lakini mtu aliyetulia tuli hawamhesabu. Akishasahau kwamba upo, anaanza kula, na hapo ndipo utambulisho wake ulipo. Magando yake ni madogo kuliko unavyotarajia kwa kaa wa ukubwa ule, na yote mawili yanalingana. Ncha zake zimebonyea kwa ndani mithili ya kijiko. Gando la kulia linakwangua mwani kwenye jiwe na kuupeleka mdomoni. Kabla halijarudi, la kushoto limeshakwangua na linapanda. Kulia, kushoto, kulia, kushoto, bila kupumzika, huku miguu ikimsogeza kando hatua moja moja. Magando ya namna hiyo hayawezi kuvunja kome wala chaza. Ni magando ya mla majani, ingawa akikuta samaki aliyekufa au mabaki ya chambo cha wavuvi wa mshipi hakatai.

Sasa turudi kwenye rangi. Grapsus mkubwa wa majabali yetu huwa kijani kilichoiva hadi karibu na weusi, mwenye vistari na vidoa hafifu, na magando yenye wekundu au zambarau. Mdogo huwa na rangi iliyopauka na mabaka mengi. Aliyelowa huonekana tofauti na aliyekauka, na aliyejivua gamba juzi ni tofauti na aliyevaa gamba kuukuu. Lakini kinachowachanganya watu zaidi ni yule mwekundu, anayekutwa amekaa juu ya jiwe kavu, hakimbii hata ukimsogelea.

Mwinue. Utashangaa kwamba hana uzito. Ni gamba tupu alilolivua mwenyewe. Mgeuze utazame nyuma, pale gamba la mgongo linapokutana na tumbo: pamefunguka ufa mmoja safi, na ndipo alipotokea, akirudi kinyumenyume, akivuta kila mguu kutoka kwenye ala yake. Alivyoviacha ni vingi kuliko unavyofikiri. Ngozi ya juu ya macho imo, vinyweleo vya mdomoni vimo, na ukilifungua gamba utaona hata utando wa juu wa matamvua yake, mweupe, kila karatasi mahali pake. Hakuna nyama na hakuna harufu. Kaa aliyekufa hunuka siku hiyohiyo, na gamba lake halifunguki kwa unadhifu huo. Wekundu unatokana na kemikali iitwayo astaksanthini. Kaa akiwa hai, kemikali hiyo imefungwa ndani ya protini inayoifanya ionekane ya kijani au buluu. Jua likiiharibu protini, wekundu unafunguliwa. Hicho ndicho kinachotokea pia sufuriani kaa anapochemshwa. Kwa hiyo mwamba wenye magamba mengi mekundu haujapatwa na maafa. Ni mahali ambapo kaa wanakua.

Mwenye gamba hilo wakati huo yuko ndani ya ufa, laini, akijaza mwili maji ili gamba jipya likauke likiwa pana kuliko la zamani. Katika hali hiyo hata kaa mdogo mwenzake anaweza kumdhuru. Ndiyo maana siipendi tabia ya kuchokoa nyufa kwa kijiti.

Kuhusu jina kamili, hapa mambo yanakuwa magumu, na ni vizuri kusema ukweli wake. Anayetajwa mara nyingi kwa pwani hii ni Grapsus tenuicrustatus, aliyeelezwa na Johann Friedrich Wilhelm Herbst, mchungaji wa Ujerumani aliyependa wadudu na kaa, mwaka 1783. Jina hilo la Kilatini linataja gamba jembamba. Kaa huyu ameenea kutoka Afrika Mashariki hadi visiwa vya Hawaii. Lakini hayuko peke yake. Yupo Grapsus albolineatus, anayefanana naye kiasi kwamba wataalamu huwatenganisha kwa kuchunguza sehemu ndogo ndogo za mwili wakiwa na kaa mkononi na lenzi jichoni. Yupo pia Grapsus fourmanoiri, aliyeelezwa kutoka Bukini (Madagaska) mwaka 1965 na kuonekana vilevile kwenye pwani ya Afrika Mashariki. Picha ya simu iliyopigwa kutoka mita tatu haiwezi kuwatenganisha hawa kwa uhakika.

Juu ya hilo kuna mkorogo wa vitabu. Maandishi ya zamani yalimwita kaa wa huku Grapsus grapsus, jina alilotoa Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi aliyeweka utaratibu wa majina haya ya Kilatini, mwaka 1758. Siku hizi jina hilo ni la kaa wa pwani za Amerika na visiwa vya Atlantiki, yule mwekundu wa kung'aa anayepigwa picha nyingi kwenye visiwa vya Galápagos. Programu za simu za kutambua wanyama zimelishwa picha zake kwa wingi, hivyo ukiiuliza simu yako kuhusu kaa wa Mama Ngina usishangae ikikupa jina la kaa wa Galápagos. Bahari ya Hindi hayupo. Kwa mtazamaji wa kawaida, kuandika "Grapsus" na kuishia hapo ni jibu sahihi. Kuongeza jina la pili bila ushahidi si utaalamu, ni kubahatisha.

Wa pili wa kumjua ni Eriphia, na ukishamjua hutamchanganya tena na Grapsus. Kila kitu chake ni kinyume. Gamba ni nene na limefutuka. Miguu ni mifupi yenye vinyweleo vigumu. Macho ni mekundu, na ukimulika tundu lake kwa tochi usiku ndiyo utakayoona kwanza. Magando ni makubwa mno kwa mwili wake, tena hayalingani: moja, kwa kawaida la kulia, ni nene na lina jino butu la kusagia, jingine ni jembamba zaidi, la kukata na kuchomolea. Ni mvunjaji. Chakula chake kikubwa ni konokono, kome na hata kaa-konokono wanaojificha ndani ya kombe za wengine. Ukikuta vipande vya kombe vilivyovunjwa kwenye mdomo wa tundu la jabali, kuna uwezekano mkubwa ndani mna Eriphia.

Hapa kwetu wa kuwajua ni wawili. Eriphia smithii ana magando yaliyojaa chembechembe ngumu, ukiyagusa yanakwaruza. Eriphia sebana ana magando laini. Tofauti hii inaonekana kwa macho, kwa hiyo hapa unaweza kuandika jina la pili bila kusita. Makao yao ni matundu na nyufa za tabaka la kati na uvunguni, palepale chaza na konokono walipo, maana mtu hukaa karibu na soko lake. Mchana wengi wao hawatoki. Usiku maji yakiwa yamekupwa hutembea. Na Eriphia hakimbii kama Grapsus. Akifikiwa hujisukuma nyuma ya tundu, hujibana kwa miguu na kuziba mlango kwa gando. Anayetia kidole huko atakitoa na damu.

Wa tatu ni mdogo, na kwa udogo wake watu humdhania mtoto wa Grapsus. Ni Metopograpsus. Gamba lake ni la karibu mraba, upana wa sentimita 3 hivi au chini ya hapo, na magando yake mara nyingi yana rangi ya zambarau. Hapa ndipo lile jino linapohitajika. Grapsus, hata akiwa mdogo, ana jino moja pembeni mwa gamba nyuma ya kona ya jicho. Metopograpsus hana, ubavu wake umenyooka moja kwa moja. Tena nafasi kati ya macho yake ni pana sana, zaidi ya nusu ya upana wa gamba zima. Mahali nako kunasaidia: hapendi ukuta unaopigwa na mawimbi ya bahari kuu. Mtafute kwenye maji yaliyotulia, kwenye kuta za bandari, nguzo za gati, mawe ya Mkondo wa Tudor, na mizizi ya mikoko. Akitishwa huingia ufa wa karibu badala ya kupanda juu.

Wengine nawataja upesi kwa sababu jabali si lao. Yule aliyepauka anayechimba mashimo kwenye mchanga wa Nyali na Bamburi, akikimbia jioni macho juu, ni Ocypode. Yule mkubwa anayeuzwa akiwa amefungwa magando kwa kamba, wa kuliwa, ni Scylla serrata wa mikokoni, anayeishi kwenye matope ya Tudor na Port Reitz. Ukimwona mmoja wa hawa juu ya jabali, amepotea njia au ametoroka kikapuni.

Kaa wa jabali anapumua kwa matamvua, na matamvua lazima yawe na unyevu. Hili ndilo fumbo la Grapsus: anaishi nje ya maji lakini hawezi kuyaacha. Hubeba maji kidogo ndani ya vyumba vya matamvua na kuyaongezea kwa kushuka kwenye povu au kidimbwi. Ndiyo sababu humkuti mbali na rasharasha, na ndiyo sababu mchana wa jua kali huhamia uvunguni. Maji yanapokupwa hushuka nayo akifuata mwani uliofunuliwa; yanapojaa hupanda mbele yake. Chini kabisa hapendi kukaa, na si kwa ajili ya maji. Huko kuna pweza na kuna mkunga, na wote wawili huwinda kaa ndani ya nyufa zilezile anazozitegemea. Juu nako kuna kulastara anayesimama kimya kwenye ukingo. Kwa hiyo maisha yake yote yamebanwa kwenye mkanda wa mita chache kati ya mdomo wa ndege na mkono wa pweza, na mkanda huo unapanda na kushuka kila siku.

Ukitaka kujua dume na jike, tazama chini ya tumbo. Mkia uliokunjwa wa dume ni mwembamba wenye pembe tatu. Wa jike ni mpana wa duara, na chini yake hubeba mayai yake mpaka yaanguliwe. Viluwiluwi huchukuliwa na mkondo na kuelea baharini kwa majuma kadhaa kabla ya kurudi kwenye mwamba wowote watakaoufikia. Kwa hiyo kaa wa Ras Serani si lazima awe alizaliwa hapo. Huenda mama yake yuko kusini mwa mpaka.

Neno moja kuhusu kuwala, kwa kuwa huwa naulizwa. Kaa wa mwamba na matumbawe wasiliwe kwa kubahatisha. Katika bahari hii wapo wawili wa hatari, Zosimus aeneus, mwenye gamba la vinundu na mabaka ya kahawia, na Atergatis floridus, laini, wa kijani chenye michoro ya rangi hafifu. Wanapatikana kwenye miamba ya chini wakati wa bamvua. Nyama yao inaweza kuwa na sumu inayopooza misuli ya kupumua, na moto hauiondoi hata uchemshe vipi. Zosimus ameshaua watu huko Ufilipino. Mtoto anayeokota kaa mwenye mapambo mazuri afundishwe kumwacha alipo.

Wakati mzuri wa kwenda ni siku za bamvua. Hapa Mombasa maji ya bamvua hukupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na tena saa kama hizo usiku. Asubuhi ni ya Grapsus, na fika mapema, maji yangali yanashuka, ndipo utakapomwona akila. Usiku ni wa Eriphia, kwa tochi, viatu vyenye soli nene na mwenzako kando, kwa maana wimbi la kusi haliangalii mtu. Jiwe utakalolipindua lirudishe lilivyokuwa. Upande wa chini una viumbe ambao jua la nusu saa linawamaliza. Jike mwenye mayai asiwe chambo.

Na kwa kuwa mahali ndipo jina lake lilipo, ukibadilisha mahali umebadilisha kaa. Ukuta wa saruji uliosawazishwa vizuri huzuia mawimbi, lakini hauna ufa, hauna uvungu, na hauhifadhi unyevu maji yanapokupwa. Grapsus mkubwa atapita juu yake. Mdogo hana pa kujificha, na Eriphia hana nyumba kabisa. Bandarini Sydney, Australia, wamepachika kwenye kuta za bahari vigae vyenye mashimo, mikunjo na vidimbwi, na viumbe wa majabali wamerudi kukaa humo. Kuta zinazojengwa kwenye kingo za kisiwa chetu zinaweza kufanyiwa hivyohivyo, tangu saruji ikiwa bado mbichi.